Firigisi Iliyokwenda na Maji

Mimi ni mzaliwa wa Kilibula, mtaa wa Uvira, na kwetu samaki ndiye aliyetulea. Baba alikuwa mvuvi, mama alianika ndagala, wale dagaa wetu, mchangani, na mimi nilipofika umri wa kushika kisu nilipewa samaki tunaowaita mikeke niwapasue. Ukinipa mukeke leo, hata nikiwa nimefumba macho nitakupasulia mgongoni, nitavuta vya ndani kwa vidole viwili, nitavitupa majini na kumsuuza kabla hujamaliza kunisalimia. Sijisifu. Au tuseme najisifu kidogo, maana hicho ndicho kitu pekee ninachokijua kuwashinda watu wa bonde la Ruzizi, na kumbe watu wa bonde la Ruzizi hawana haja nacho.

Huko bondeni ndiko nilikoolewa, karibu na Luvungi, na kijana anayeendesha pikipiki ya abiria hadi Kamanyola. Alikuwa akishuka Uvira kuleta wasafiri, akaja kununua samaki kwa mama mara moja, mara mbili, mara kumi, mpaka mama akaniambia, huyu kijana kwao hawali samaki kiasi hiki, mwangalie vizuri. Nikamwangalia vizuri. Basi.

Mwaka ule nilipoolewa, ziwa lilikuwa limepanda. Lilianza na choo cha uani, likaja jikoni, mama akainua mafiga juu ya matofali akapika akiwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, akisema litarudi tu. Halikurudi. Chumba nilichozaliwa sasa wanalala samaki, ngege. Baba alihama akapanga nyumba upande wa mlimani, na siku ya kuniaga hakunipa mawaidha marefu kama baba wengine. Aliniambia tu, huko unakokwenda, ukipewa udongo usiuachie. Akanifungia na zawadi ya kumpelekea baba mkwe, kipande kirefu cha nailoni ya kuvulia, maana hakuwa na kitu kingine kizuri kilichobaki.

Udongo kwa baba mkwe ulikuwa na sheria zake. Kila mke wa mwanawe, akionekana ni mtu wa kukaa, alipimiwa kipande chake mwenyewe cha shamba, alime anachotaka, auze, asimwombe mtu hela ya chumvi. Mke wa kaka yake mume wangu alipimiwa chake msimu wa kwanza kabisa. Mimi msimu wa kwanza ulipita, nikalima cha mama mkwe, nikavuna cha mama mkwe, nikala kwenye sufuria ya mama mkwe. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe mimi nilipewa siku ya kwanza. Kilichochelewa ni shamba.

Baba mkwe hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningejua la kufanya, kwa sababu mimi pia ni mkali. Yeye alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wa mzee huwezi kuujibu. Aliniita muntu wa maji. Mvua ikinyesha ataniambia, "Toka nje, mukwe, wako wanakusalimia." Nikishika jembe ataniuliza kama naona ni kasia. Na siku akiniona nimekaa kimya ataita mume wangu, "Weye, bibi yako umemufunga vizuri? Mutumbwi usipofungwa inaendaka." Watu wote watacheka, na mimi nitacheka, halafu nitakwenda nyuma ya nyumba nikatwange muhogo kwa hasira mpaka kinu kiombe radhi. Kwa sababu nyuma ya mzaha ule nilisikia swali la kweli. Alikuwa anajiuliza kama nitakaa.

Ile nailoni ya baba aliipenda mno. Aliikata vipande akafanya mitego ya kwale, akaitega pembeni mwa shamba la karanga, kwenye vinjia vidogo wanavyopita asubuhi. Akimkuta kwale amenaswa atanionyesha, "Ona, samaki za baba yako ziko na mabawa."

Na kwale wa shambani hawakuletwa nyumbani kamwe. Hiyo nayo ilikuwa sheria. Alisema ukipita nao njiani, kila salamu inataka paja, unafika nyumbani na manyoya. Wanaolima ndio wanaokula, tena palepale, chini ya kile kibanda cha majani tulichojenga kulinda mpunga. Tulikuwa na mafiga matatu hapo, sufuria moja iliyokuwa nyeusi hata ndani, chupa ya mawese iliyozibwa kwa gunzi la hindi, na chumvi ndani ya sashe, kimfuko cha plastiki, iliyofungwa juu ya paa ili mvua isiipate. Mama mkwe ndiye aliyekuwa mtaalamu. Kwale alimnyonyoa akingali na joto, bila maji ya moto, maana ngozi yake ni laini kama ya kitunguu na maji ya moto yanaiharibu. Alivuta manyoya machache machache, kuelekea upande yanakolala, na mdomo wake ulikuwa umefumbwa ili usiingie vinyweleo. Kisha aliwasha majani makavu akambabua haraka haraka. Kisha alipasua kile kifuko cha shingoni ambamo ndege hutia punje, na hapo kulikuwa na desturi ya pekee. Baba mkwe lazima aulize, "Imekula nini?" Ikiwa ni karanga zetu, alisema sawa, tumerudishiwa. Ikiwa ni mtama, ambao sisi hatupandi, alisema tumekula mali ya jirani, na siku hiyo akikutana na jirani alimsalimia kwa heshima zaidi.

Baada ya hapo mama mkwe alipasua chini ya kifua, mkono ukaingia taratibu, nyongo ikatoka bila kupasuka, na mwisho ikatoka firigisi. Firigisi ni ya baba. Hilo hakuna aliyehitaji kunifundisha, hata Kilibula tunalijua, ingawa kwetu kuku alionekana siku ya Noeli tu na mama hakuniachia hata nimshike. Firigisi ikikosekana kwenye sahani ya baba, watu wataacha kula waanze kuulizana. Maana yake ama umeila kwa siri, ama umemtupia mbwa, na yote mawili yanamwambia mzee kitu kimoja, kwamba humhesabu. Nimesikia habari za wanawake waliorudishwa kwao wakiwa wamebeba mkeka kichwani kwa ajili ya firigisi. Labda ni hadithi za kututisha. Lakini zilinitisha.

Sasa siku ninayotaka kuieleza, tulifika shambani mapema, mimi, mama mkwe na baba mkwe, tukakuta mitego imeshika kwale wawili. Mzee akawachinja, akawalaza miguuni petu. Halafu akafanya jambo lililonifanya nisahau hata kwale. Alitoa ndani ya kibanda vigingi vinne na kamba, akaviweka mahali pa kuonekana, akasema, "Leo saa sita nitapima kile kipande cha ku mufereji." Hakusema anampimia nani. Kipande kile, mke wa kaka yake mume wangu alikuwa amekwisha kukiomba, aongezewe juu ya chake, na hakuona aibu kuomba. Mzee alichukua jembe na mahindi mawili akaenda zake chini, kwenye mlango wa maji wa ule mfereji, wenyewe wanauita vani, kwa sababu ilikuwa zamu yetu ya kupata maji ya mpunga.

Nilijua kabisa kwamba siku ile napimwa mimi kabla ya shamba. Mama mkwe alinipa kwale mmoja akabaki na mwingine. Akaniuliza, "Unajua?"

Mtu mwenye akili angesema, sijui vizuri mama, nionyeshe. Mimi nikasema, "Najua."

Si kwamba nilidanganya. Nilikuwa nimemtazama akifanya mara nyingi. Lakini kutazama ni kwa macho, na kazi ni ya mikono, na mikono yangu ilikuwa imesoma shule nyingine. Nilianza kunyonyoa kuelekea upande yanakolala, vizuri tu, kwa subira. Subira yangu ikadumu hadi bawa la kwanza. Hapo nikaona mama mkwe amekwisha kufika mgongoni, na mimi nakawia, na vile vigingi vinne vinanitazama. Nikageuza kisu nikaanza kumparura kutoka mkiani kwenda kichwani, kama anavyoparurwa samaki. Manyoya yakaruka, na ngozi ikaruka nayo. Nikambabua palipobaki. Nikaona yuko na weusi na vinyweleo na mabaka, nikasema moyoni, huyu anataka maji.

Nikambeba hadi kwenye mfereji. Mama mkwe alikuwa amenipa mgongo, anachochea moto. Nikachuchumaa pale kwenye maji, miguu ikatafuta jiwe yenyewe, na nikajisikia raha ambayo sikuwa nimeijua tangu nitoke kwetu. Kisu, maji yanayopita, mnyama mkononi. Nikampasua mgongoni kwa mkato mmoja. Nikaingiza vidole, nikavuta vya ndani vyote kwa pamoja, kifuko cha shingoni, utumbo, kila kitu, safi kabisa, mama yangu angenisifu. Nikavitupa majini.

Vilikuwa bado viko hewani nilipokumbuka.

Nilisimama. Nikaviona vinazunguka mara moja, vinachukuliwa, vinakwenda. Nikakimbia ukingoni na kisu mkononi na kwale mkono wa pili, nikijaribu kuwahi mbele ya maji, nikateleza, nikasimama tena. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia ng'ambo aliinuka akaniuliza nimepoteza nini. Nikamjibu, "Hakuna." Kwenye kona ya miwa mfereji unaingia chini ya majani marefu, na hapo sikuona kitu tena.

Nikarudi polepole kama mtoto aliyetumwa sokoni akapoteza noti. Mama mkwe alimpokea yule kwale, akamfungua, akamtazama jinsi alivyopasuka mgongoni akalala wazi pande mbili kama anasubiri kuanikwa.

"Sasa hii," akasema, "iko kwale ao iko mukeke?"

"Nilisafisha vile tunafanyaka kwetu, mama."

"Na firigisi?"

Nilinyoosha mkono kuelekea mfereji. Aliutazama ule mfereji kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyemkosea, akijua hawezi kumpiga. Mimi nikaanza kulia, na niseme ukweli, sikulilia firigisi wala mzee. Nililia chumba chetu cha Kilibula kilichojaa maji, na baba aliyesema ukipewa udongo usiuachie, na mimi nimeutupa kabla sijapewa. Nikamwambia hivyo mama mkwe, maneno yote, bila mpango, huku napenga kamasi kwenye kitenge. Sikuwa nimewahi kumwambia jambo refu kama hilo.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Tangu niko bibi ya huyu mzee, sijamupa ndege yenye kukosa firigisi. Hata moja." Akatikisa kichwa. "Leta kisu."

Akachukua ile firigisi ya kwale wake, iliyokwisha kusafishwa na kumenywa ile ngozi ya njano ya ndani. Firigisi, kama unavyojua, ina minofu miwili iliyobanana. Akaikata katikati. Kila nusu akaipunguza pembe, akaikunja, akaibana kwa kidole gumba, akaniambia nyama ya firigisi ikipata moto inajivuta yenyewe, hakuna atakayejua. Alifanya kazi ile kwa utulivu kama anayeshona kifungo. Yule kwale wangu akamkatakata vipande vidogo sana, ili asijulikane alipasuliwa wapi. Chumvi, kitunguu, mawese. Kisha akasonga bugali. Tukakaa tukangoja, hatuangaliani.

Saa sita mzee akaja. Alinawa, akaketi juu ya jiwe lake, akapokea sahani. Firigisi mbili zilikuwa juu, zimekaa kwa adabu.

"Zilikula nini?" akauliza.

Kifuko cha kwale wangu kilikuwa kimekwenda na maji pamoja na vingine, hata sikuwa nimekifungua.

"Moja karanga zetu," mama mkwe akasema. "Ingine mutama ya jirani."

"Mutama?"

"Mutama."

Mzee akachukua firigisi ya kwanza akaitafuna. Akachukua ya pili akaigeuza geuza kwenye mwanga, akaitafuna nayo. Alichukua muda mrefu sana. Mpaka leo sijaona mtu akitafuna kitu kidogo kwa muda mrefu namna ile.

"Kwale za mwaka huu," akasema mwisho, "firigisi zao ziko kidogo kama za njiwa."

"Ni jua," mama mkwe akajibu. "Jua limekuwa kali."

Mzee akakubali kwamba jua limekuwa kali. Alimaliza bugali, akanywa maji, akanawa tena. Akamtazama mkewe, akanitazama mimi, akarudi kumtazama mkewe. Halafu akainuka akachukua vigingi, akaenda hadi kwenye mfereji, akapiga cha kwanza kwa mgongo wa jembe. Akageuka.

"Weye muntu wa maji. Kuya ushike kamba."

Nilikwenda nikashika kamba. Kamba yote ikawa inacheza mkononi mwangu, akaniambia nishike vizuri, nisije nikapimiwa shamba la mawimbi. Alipopiga kigingi cha nne akasema amenipa karibu na maji ili nisiugue kiu ya kwetu. Nilifurahi, jamani, nilifurahi mpaka nikaona haya. Nilivua kandambili nikasimama ndani ya kile kipande miguu mitupu, na sikutoka hadi mama mkwe aliponiita nikaoshe sufuria. Akaongeza kwamba nikaioshee mbali na mfereji.

Toka siku hiyo nimelima pale nyanya, mchicha tunaouita lengalenga, na karanga, na nimeuza Luvungi, na nimewapelekea wazazi wangu magunia mlimani. Nikawa mtu wa kukaa. Mimi na mama mkwe hatukuizungumza tena siku ile, ila kila kwale alipochinjwa alinikata jicho moja fupi, na mimi niliinama nikacheka ndani ya kitenge.

Msimu wa mvua uliopita mzee akaanza kuvimba miguu. Mume wangu alimpeleka hospitali kwa pikipiki, mimi nyuma nimemshika, akarudishwa nyumbani na dawa na maneno machache. Kazi ya kumnywesha supu ilikuwa yangu mchana, mama mkwe akiwa shambani. Siku moja alisukuma kijiko, akaniambia nikae chini vizuri.

"Ile siku ya vijiti vya kupima," akasema, "minye nilikuwa ku vani, nachoma hindi. Naona kitu inakuya na maji, inafungana ku manyasi. Naangalia. Utumbo, na firigisi yake. Nikasema, ee, huyu mukwe amenitumia chakula kwa njia ya kwao."

Nikaficha uso kwa kitenge.

"Nikapasua kile kifuko. Ilikuwa mupunga, mupunga yetu. Hakuna mutama. Nikaosha firigisi, nikachoma pamoja na hindi, nikakula. Kisha nafika huku juu, napewa zingine mbili." Alicheka hadi akakohoa, nikamshika mgongo. "Kwale mbili, firigisi tatu."

"Mbona hukusema, baba?"

Alitafuta pumzi kwanza.

"Mama yako wa hapa, tangu nimuoe hajanidanganya. Hata bei ya kitunguu haniongezeaka. Ile siku ananidanganya macho makavu, mutama, mutama, kwa sababu ya weye. Minye nikasema, kama huyu ametafuta uongo kwa ajili yake, basi ule ni mutoto wa hapa. Ni vile nilipiga vijiti." Akanishika mkono. "Usimuambie. Anaupenda sana ule uongo wake. Iko nao moja tu."

Nikaapa sitamwambia. Mzee alifariki karanga zikiwa bado changa. Nililia kama nilivyomlilia babu yangu, na waliokuja msibani wakashangaa kuona mtoto wa Uvira anamlilia mzee wa bonde kiasi kile. Sikumweleza hata mmoja kwa nini. Ile siri niliibeba peke yangu, naiangalia kila mahali nisiimwage, hasa nikiwa na mama mkwe. Nilimwonea huruma. Nilisema moyoni, maskini, abaki na ushindi wake.

Msiba ulipokwisha tukarudi shambani, sisi wawili, mume wangu akiwa barabarani na pikipiki yake. Mitego ya mzee ilikuwa bado imetegwa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitegua. Tukakuta kwale mmoja. Mama mkwe alisimama akamtazama kwa muda, halafu akanipa mimi. Akaenda akakaa kati yangu na mfereji, akanyoosha miguu, kama polisi wa mpaka pale Kamanyola, nikajua sina pa kupita.

Nikanyonyoa vizuri, machache machache, mdomo nimefumba. Nikambabua. Nikafungua kifuko, na mama mkwe akasogea kuangalia, na mtu wa kuuliza hakuwepo. Zilikuwa karanga. Nikapasua chini ya kifua, nikatoa nyongo nzima, nikatoa firigisi, nikaisafisha mwenyewe. Tukapika. Mama mkwe akapakua, na nikaona kijiko kimeichukua firigisi, kimeinuka nayo, kinatafuta sahani ya mzee. Kikabaki juu. Jiwe lake lilikuwa pale, tupu.

"Kula weye, mama," nikasema.

"Firigisi haiko ya mwanamuke."

"Mwenyewe hayuko. Ao niitupe ku maji?"

Alicheka kwa pua, na machozi yakatoka palepale. Akaiweka kwenye sahani yake, akachukua kisu, akaikata katikati, kama siku ile. Nusu moja akaniwekea mimi.

"Ile siku," akasema akifuta kisu, "alifika na mafuta ku ndevu, na hajaonja bado chakula. Na majivu ku kidole."

Niliweka sahani chini. "Mama. Ulijua?"

"Muntu nimelala naye miaka hii yote, nishindwe kujua kama amekula firigisi?"

"Na hukumwambia?"

"Nimuambie nini. Alifurahi sana, alizani amenishinda." Akalitazama lile jiwe. "Nilimuachia."

Nikakumbuka miezi yote niliyozunguka na siri yao kifuani, nikipima maneno, nikimhurumia huyu mama, na wao wawili walikuwa wameniweka katikati kama mtoto anayevushwa mto, huyu kashika mkono huu, yule mkono ule. Nililia na kucheka kwa pamoja hadi yule jirani wa ng'ambo akainuka tena kuangalia. Mama mkwe akaniambia nile, chakula kinapoa.

Tukala. Yeye alikuwa hajawahi kuionja firigisi maisha yake yote, akatafuna taratibu, anafikiri. Kisha akaacha kutafuna, akatoa kitu kidogo ulimini kwa kidole, akanionyesha. Ilikuwa punje ya mchanga. Firigisi ile niliisafisha mimi.

"Muntu wa maji," akasema, akaendelea kula.